Gari dogo la dizeli: linamlipa nani katika safari za mpakani?

Kilomita chache kabla ya mpaka wa Namanga, upande wa Kenya, nilisimamisha gari langu dogo la milango mitano kwenye kituo cha mafuta na kumwambia kijana wa pampu aweke ya shilingi elfu mbili. Alifungua kifuniko, akachomeka mpira na kuanza kumimina. Nilipogeuka kutazama namba nikaona ni pampu ya petroli.

"Simamisha! Hili ni la dizeli."

"Kwani Demio si ya petroli, mzee?" aliuliza kwa mshangao.

Lita nne hivi zilikuwa zimekwisha ingia. Sikuwasha injini. Gari lilisukumwa hadi pembeni, fundi akaitwa, tangi likakaushwa, na safari ya Arusha ikasogezwa hadi kesho yake. Mzigo wa watu ulichelewa na gharama niliilipa mwenyewe, kwa sababu neno "dizeli" halikunitoka kinywani tangu mwanzo.

Kisa hicho kinafundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba gari dogo la dizeli bado ni mgeni katika barabara zetu, ambako watu wamezoea kwamba dizeli ni ya lori, basi na pikapu. La pili ni kwamba mgeni huyu ana masharti yake, na asiyeyajua hulipa.

Wafanyabiashara wengi wanaovuka mipaka kwa gari dogo wamekuwa wakiuliza kama ni kweli gari hili linapunguza gharama za mafuta. Jibu fupi ni hili: linamlipa anayesafiri mbali na mara kwa mara. Anayetoka nyumbani kwenda sokoni na kurudi, linaweza kumla fedha zaidi ya gari la petroli. Makala haya yanaeleza kwa nini.

Ni gari gani hasa?

Magari mengi madogo yanayoletwa kutoka Japani, kama Toyota Vitz, Toyota Passo na Honda Fit, ni ya petroli. Lililo tofauti ni Mazda Demio ya kizazi kilichoanza kuuzwa Japani mwaka 2014. Kizazi hicho kina aina ya petroli ya sisi 1300, lakini pia kina aina ya dizeli ya sisi 1498 yenye turbo. Tangu mwaka 2019 gari hilo huitwa Mazda2 hata huko Japani.

Kwa macho magari hayo mawili yanafanana sana. Njia ya uhakika ni kusoma namba ya modeli kwenye hati ya kusafirishia gari: ya dizeli yenye kuvuta magurudumu ya mbele huandikwa DJ5FS, na ya petroli ya sisi 1300 huandikwa DJ3FS. Usitegemee maelezo ya tangazo peke yake.

Huko Ulaya magari madogo ya dizeli yalikuwa jambo la kawaida kwa miaka mingi. Volkswagen Golf TDI, Peugeot 206 HDi na Renault Clio dCi ni baadhi yake. Isipokuwa yale yaliyouzwa katika nchi ambako magari hupita kushoto, kama Uingereza na Ireland, hayo yana usukani wa kushoto, hivyo yanafaa zaidi Rwanda, Burundi na Kongo ambako magari hupita upande wa kulia wa barabara. Kwa Kenya, Uganda na Tanzania, gari la Japani lenye usukani wa kulia ndilo linalofaa, na kwa hiyo Demio ndiyo mfano wetu. Mengi yatakayoelezwa hapa yanahusu pia magari mapya ya dizeli kutoka Ulaya, kwa kuwa yana chujio la masizi la aina hiyo hiyo.

Uzuri wake ni nini?

Nguvu ya kuvuta ya injini hupimwa kwa nyutoni mita. Demio ya petroli ya sisi 1300 ina 121. Ya dizeli yenye gia za otomatiki ina 250, na yenye gia za mkono ina 220. Maana yake ni kwamba gari likiwa na watu wanne na mzigo kwenye buti, hupanda mlima bila kushusha gia mara kwa mara na bila injini kupiga kelele.

Jambo hili lina maana kubwa kwetu, kwa sababu njia zetu nyingi ziko juu. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na barabara za Limuru, Kericho na Kabale zinapanda zaidi ya hapo. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza kiasi cha asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Turbo husukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, hivyo sehemu kubwa ya upungufu huo huzibwa.

Faida nyingine ni kwamba gari hili halihitaji ile dawa ya urea inayomiminwa kwenye tangi la pembeni, ambayo madereva wa malori mapya wanaifahamu. Injini imeundwa kwa mgandamizo mdogo, 14.8 kwa 1, na kwa njia hiyo hutoa kidogo ile gesi chafu ambayo dawa hiyo hutumika kuiondoa.

Hesabu ya mafuta

Hapa wengi hudanganyika. Karatasi za Japani zinaonyesha kwamba Demio ya dizeli ya otomatiki ilipotoka ilikwenda kilomita 26.4 kwa lita, na ya gia za mkono kilomita 30. Namba hizo zilipatikana kwenye mashine ya kupimia, wala si kwenye barabara yenye matuta na foleni za malori. Zaidi ya hayo, karatasi hizo hizo zinaipa Demio ya petroli ya otomatiki kilomita 24.6. Tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Tofauti ya kweli huonekana gari likiwa na mzigo, katika mwendo wa kudumu na milimani. Tuchukue mifano miwili, na kila msomaji aweke namba zake mwenyewe.

Mfano wa kwanza ni mfanyabiashara anayekwenda Nairobi hadi Arusha na kurudi mara mbili kwa wiki. Safari moja ni kiasi cha kilomita 270, hivyo kwa wiki anafikisha kilomita 1,080. Tukisema gari la petroli linampa kilomita 16 kwa lita, atatumia lita 67 na nusu. La dizeli likimpa kilomita 21, atatumia lita 51 na kidogo. Anaokoa lita 16 kwa wiki, na kwa wiki 50 za kazi ni lita 800.

Mfano wa pili ni mwenye duka anayezunguka mjini kilomita 30 kwa siku, siku sita kwa wiki, yaani kilomita 180. Katika foleni gari la petroli likimpa kilomita 11 kwa lita, atatumia lita 16 na kidogo. La dizeli likimpa kilomita 13, atatumia karibu lita 14. Anaokoa lita mbili na nusu kwa wiki, ambazo kwa mwaka ni lita 125 hivi. Kusafisha chujio la masizi mara moja tu kunaweza kuimaliza akiba hiyo yote.

Bei nayo itazamwe. Nchini Kenya bei za juu hutangazwa katikati ya kila mwezi, na Tanzania hutangazwa Jumatano ya kwanza ya mwezi. Uganda bei huamuliwa na soko. Usidhani kwamba dizeli ni rahisi siku zote, kwani mwaka 2022 kulikuwa na miezi ambapo dizeli nchini Tanzania iliuzwa juu ya petroli. Anayevuka mpaka anaweza kupanga ajaze upande gani, mradi mafuta yawe ndani ya tangi la gari. Kubeba madumu kuvuka mpaka ni magendo, na ni hatari kwa maisha.

Adui ni masizi

Dizeli inapoungua hutoa masizi. Katika magari ya zamani masizi yalitoka nje kama moshi mweusi. Katika gari la kisasa kuna chujio kwenye bomba la moshi linaloyakamata. Chujio likianza kujaa, kompyuta ya gari huongeza mafuta kidogo ili joto la bomba lipande na masizi yaungue yenyewe. Kazi hiyo huchukua kiasi cha dakika 10 hadi 20 za mwendo, na katika safari ndefu dereva huwa hata hajui kwamba imefanyika.

Tatizo huanza kwa mtu wa safari fupi. Gari linawashwa, linakwenda kilomita tatu, linazimwa. Joto halijafika. Kesho hivyo hivyo. Usafishaji unaanza na kukatizwa, masizi yanarundikana, hatimaye taa inawaka kwenye dashibodi na gari linapunguza nguvu.

Wala si chujio peke yake. Mwaka 2018 Mazda iliyaita gereji nchini Japani magari ya injini hii ya sisi 1500, Demio ikiwemo. Sababu iliyotolewa ni kwamba mwendo wa polepole wa kuongeza na kupunguza kasi kila mara huzidisha masizi, na masizi hayo hujikusanya karibu na valvu za kutolea moshi. Valvu zikikwama, mgandamizo hupotea, gari hutetemeka na linaweza hata kuzimika. Kwa maneno mengine, mwendo wa foleni ndio uliotajwa na mtengenezaji mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kununua, mwombe muuzaji wa Japani athibitishe kwa namba ya chasisi kama kazi hiyo ilifanyika.

Kwa msafiri wa mipakani kuna funzo lingine hapa. Foleni ya mpakani ikiwa ndefu, usikae saa mbili injini ikinguruma ili upate ubaridi wa eyakondishena. Zima gari. Injini inayonguruma bila kwenda hutengeneza masizi lakini haipati joto la kuyachoma.

Taa ya chujio ikiwaka, usizime gari papo hapo. Kama barabara inaruhusu, endelea kwa mwendo wa kudumu kwa dakika 15 hadi 20 na mara nyingi itazimika. Ikianza kumetameta au gari likikosa nguvu, hapo ni kwa fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari.

Wapo mafundi wanaoshauri chujio litobolewe au liondolewe kabisa. Ukifanya hivyo moshi utarudi, kompyuta italalamika mpaka nayo ichezewe, na chanzo cha masizi kitabaki palepale. Aidha, siku ya kuliuza gari hilo mnunuzi anayejua atashusha bei.

Mafuta yanayowekwa

Tangu Januari 2015 nchi tano za Jumuiya ya Afrika Mashariki wakati huo, yaani Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, ziliingia katika kiwango cha dizeli isiyozidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Bila hatua hiyo magari haya yasingefaa kabisa kwetu, kwani salfa nyingi huharibu chujio. Japani hutumia dizeli ya sehemu 10, hivyo yetu bado ni nzito kidogo kuliko ile ambayo gari lilizaliwa nayo.

Hatari kubwa zaidi ni mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa. Uchakachuaji huu ulisumbua kiasi kwamba serikali zilitumia kodi kuuzima: Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Lengo lilikuwa kuondoa tofauti ya bei iliyowatamanisha wachanganyaji.

Lori la zamani lenye pampu ya kawaida huweza kuvumilia uchafu huo kwa muda. Gari hili haliwezi. Pampu yake husukuma mafuta kwa mgandamizo unaofikia bar 2,000, na vyuma vyake hulainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa hayana ulaini wa kutosha, na petroli haina kabisa. Pampu ikisagika, vumbi la chuma huenda hadi kwenye nozeli zote nne, na hapo gharama huwa kubwa kuliko akiba ya miaka kadhaa.

Basi chagua vituo viwili au vitatu katika njia yako vyenye wateja wengi, na uvishikilie. Omba risiti kila mara. Usinunue mafuta ya chupa au ya dumu kando ya barabara hata kama bei inavutia. Badilisha chujio la mafuta mapema, na ukaguliwe maji yaliyotuama ndani yake. Bandika neno DIZELI kwa herufi kubwa kwenye kifuniko cha tangi. Petroli ikiingia kwa bahati mbaya, usigeuze ufunguo hata kidogo, kwani pampu inaweza kuanza kufanya kazi. Tangi likaushwe kwanza.

Oili si ya lori

Wasafirishaji wenye malori hupenda kutumia oili moja kwa magari yote. Kwa gari hili usifanye hivyo. Oili nyingi za lori huacha majivu mengi, na majivu hayaungui kama masizi, hivyo hubaki kwenye chujio daima. Tafuta oili yenye alama ya Japani DL-1, au ile ya kiwango cha Ulaya cha C3, ukizingatia kitabu cha gari.

Kuna jambo moja geni. Wakati wa kuchoma masizi, dizeli kidogo huteremka na kuingia kwenye oili, hivyo kipimo cha oili kinaweza kupanda badala ya kushuka. Kwenye kijiti cha kupimia cha injini hizi za Mazda kuna alama ya X juu ya alama ya kujaa. Oili ikifika hapo imwagwe mara moja hata kama kilomita hazijafika, kwa sababu imekuwa nyepesi na hailindi tena turbo. Kwa hali ya vumbi, joto na foleni zetu, kila kilomita 5,000 ni kipimo cha busara.

Kabla ya kutuma fedha Japani

Usikimbilie gari la bei ya chini lililokuwa la mama wa nyumbani wa mjini Tokyo na lenye kilomita chache. Kwa petroli hiyo ni sifa. Kwa dizeli, kilomita chache kwa miaka mingi ni dalili ya safari fupi, na pengine masizi yamejaa. Gari la kilomita 80,000 lililokuwa la mtu wa barabara kuu linaweza kuwa na injini safi kuliko la kilomita 30,000.

Kama gari liko tayari nchini, liwashe likiwa limepoa na usikilize mtetemo. Tazama kipimo cha oili. Liendeshe nusu saa nzima, likiwemo pando la mlima. Mwombe fundi asome kwenye kompyuta kiasi cha masizi kwenye chujio na hali ya nozeli. Malipo yake ni kidogo ukilinganisha na hasara unayoepuka.

Usisahau sheria za umri. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Tanzania huliongezea ushuru gari dogo lililozidi miaka minane. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 uingizaji wa magari yenye miaka 15 na zaidi. Kwa ukubwa wa injini, sisi 1498 inabaki chini ya mstari wa 1500 unaotumika Kenya katika ushuru wa bidhaa, na kwa Tanzania inaangukia kundi la kati ya 1000 na 2000. Wakala wako wa forodha akupe hesabu kamili kabla hujalipa.

Ukifika mpakani

Gari dogo linamfaa mfanyabiashara mdogo. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 huweza kupita kwa cheti rahisi cha asili kinachotolewa mpakani, na mzigo wa thamani hiyo mara nyingi huenea kwenye buti na viti vya nyuma. Lakini gari hili si kirikuu. Ukilipakia magunia ya mahindi, utaharibu springi na akiba ya mafuta itatoweka.

Hakikisha una kadi ya gari, bima ya Kadi ya Njano ya COMESA na kibali cha muda cha kuingiza gari nchi ya pili. Kama gari si lako, beba barua ya mwenyewe. Soma pia bima yako: bima ya gari binafsi kwa kawaida haifuniki mizigo ya biashara wala abiria wa kulipa.

Ushauri wa mwisho

Kabla ya kuamua, chukua daftari na uandike kilomita zako kwa mwezi mmoja. Tenganisha safari zinazozidi nusu saa bila kusimama na zile fupi. Kama nyingi ni ndefu, gari dogo la dizeli litakurudishia fedha yako, hasa kama njia yako ina milima. Kama nyingi ni fupi, nunua la petroli na ulale usingizi.

Na kwa aliyekwisha nunua: kila ufikapo kituo cha mafuta, shuka garini, useme "dizeli" kabla ya salamu, na usiondoe macho kwenye pampu.